Mistari Miwili ya Mwanga

Asubuhi za Julai hapa Morogoro, kabla wingu halijashuka kukikalia kilele cha Lupanga, nuru huwa safi kiasi kwamba ukisimama uwani unaona moshi wa jiko mojamoja ubavuni mwa mlima. Hakuna upepo, jasho halijaanza, mkono umetulia. Ni saa nzuri kuliko zote za kulenga shabaha. Ndiyo saa hiyohiyo ambayo bastola ya upepo ya bei nafuu hukufunulia kasoro zake zote. Jua likiipiga kwa ubavu, kile kinundu cha mbele cha kulengea kinameta kama shanga, kingo zake hazionekani zinaanzia wapi, na risasi tano ulizozipiga kwa uangalifu uleule zinatawanyika kwenye karatasi kama punje zilizomwagika.

Wanaonijia na bastola za namna hiyo huwa wameshaamua dawa: wanunue darubini ndogo, au ile taa ya nukta nyekundu. Jibu langu ni moja. Usinunue kitu bado. Bastola yako ina karibu kila inachohitaji, ila imetengenezwa kwa haraka, na kilichoachwa nusu kiwandani unaweza kukimalizia mwenyewe kwa tupa ndogo, kipande cha kadi na kibatari.

Tuelewane kwanza kuhusu kinacholengwa. Kilengeo cha mbele nitakiita nguzo, kwa sababu ndivyo kilivyo, kijiti kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu. Cha nyuma nitakiita pengo, maana ni bati au plastiki iliyokatwa mfereji katikati. Ukilenga, nguzo inasimama ndani ya pengo, kichwa chake kikiwa sawa na mabega ya pengo, na kulia na kushoto kwake kunabaki mistari miwili ya mwanga. Mistari hiyo ndiyo kazi yote. Ikiwa sawa kwa upana, mtutu umenyooka. Mmoja ukinenepa, mtutu umekwenda upande. Jicho la binadamu lina kipaji kikubwa cha kugundua kwamba mistari miwili si sawa, lakini kipaji hicho hakifanyi kazi kama kingo za mistari yenyewe zina ukungu. Kwa hiyo unapotengeneza kilengeo, unatengeneza mwanga. Chuma na plastiki ni vya kuushikia mwanga huo tu.

Wengi tuliiona picha ya Yusuf Dikeç, yule Mturuki aliyekuwa na umri wa miaka 51 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, aliyeondoka na medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika shindano la jozi la bastola ya upepo ya mita 10. Watu walishangaa hana vifaa. Kwa kweli kwenye shindano hilo darubini na nukta nyekundu hazikubaliwi kwa mtu yeyote. Bastola yake ni ya gharama kubwa, lakini alichokuwa anakitazama juu ya mtutu ni nguzo, pengo na mistari miwili ya mwanga. Tofauti ni kwamba yake ilikuwa na kingo kali.

Kabla ya tupa, kuna mambo mawili ambayo sitayaacha nyuma. La kwanza ni sheria. Usijitafsirie kwamba kwa kuwa ni ya upepo basi ni kichezeo. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayefikiria kuwa na chombo cha aina hii aanzie kituo cha polisi cha wilaya, aulize, apewe utaratibu, aufuate. Wala usiitembeze barabarani. Mtu anayeiona kwa mbali haoni upepo, anaona bastola.

La pili ni mlima. Ukikaa chini ya Uluguru ni rahisi kudhani umepewa ukuta wa bure wa kuzuia risasi. Mlima si ukuta. Kwenye vile vijia wanateremka akina mama na ndizi kichwani kila alfajiri, na watoto wanapanda na kushuka kwenda shule. Kijirisasi cha milimita 4.5 kikikosa karatasi kinaweza kuruka zaidi ya mita 100 na bado kikatoa jicho. Tengeneza sanduku la mbao, lijaze matambara ya zamani yaliyoshindiliwa, bandika karatasi mbele yake, na nyuma ya sanduku panga magunia ya mchanga juu kuliko kichwa chako. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu risasi ikigonga ubao mgumu inarudi. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula, maana vijirisasi vingi ni vya madini ya risasi, na hiyo ni sumu.

Na ulenge karatasi tu. Nasema hili nikijua ninawaambia watu walioanza ulengaji utotoni kwa manati, kama nilivyoanza mimi. Msitu ule wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, na ndani yake kuna ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mmoja, ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius, ana kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, na dunia yake yote ni milima hii. Hata huku chini mjini, ndege aliyetua kwenye mwembe wa jirani si shabaha.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza la karibu kila mtu, na nililifanya mimi, ni kushika tupa kabla ya kujua bastola inasema nini. Yangu ni ya springi, ya kukunja mtutu, niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku ya kwanza nilipiga risasi tatu, zote zikaangukia chini ya duara jeusi. Nikakumbuka nilichofundishwa, kwamba risasi zikienda chini nguzo ya mbele hupunguzwa, nikaifunga kwenye jiliwa nikaanza kuipiga tupa. Jioni nikarudi kupiga, safari hii risasi nyingi zaidi na kwa mkono uliotulia. Za kwanza zilikwenda juu kuliko duara, kisha nyingine chini, kisha juu tena. Nguzo haikuwa na tatizo. Pengo la nyuma lilikuwa linacheza kwenye skrubu yake, linapanda na kushuka kila springi ilipopiga, nami nilikuwa nimekata chuma ambacho hakirudi.

Kwa hiyo anza hivi. Weka meza, juu yake gunia dogo la mchanga au la mchele, egemeza mikono miwili juu yake, si bastola yenyewe, maana bastola ya springi ikilazwa juu ya kitu kigumu inaruka vibaya. Karatasi iwe mita 10 kamili, pima kwa futi kamba. Piga risasi tano, badilisha karatasi, piga tano nyingine, mpaka uwe na karatasi nne. Usirekebishe chochote katikati. Kisha zipange karatasi juu ya meza uzitazame kama fundi anavyotazama ufa wa ukuta. Kama matundu ya kila karatasi yamekusanyika lakini mahali pasipo sahihi, vilengeo vyako vimetulia ila vimeelekezwa vibaya, na hiyo ndiyo shida nyepesi. Kama yametawanyika, acha tupa. Tafuta kinachocheza.

Shika pengo la nyuma kwa vidole viwili ulisukume kulia na kushoto, juu na chini. Shika mdomo wa mtutu ulioufunga, ujaribu kuutikisa. Sikiliza, wakati mwingine utausikia mchezo kabla ya kuuona. Fanya hayo yote ikiwa haina risasi, na kama ni ya gesi, chupa ya gesi iwe imetolewa. Hapa hesabu kidogo inasaidia kuelewa kwa nini mchezo ambao hauonekani ni mkubwa. Kwenye bastola yangu, kutoka pengo hadi nguzo ni sentimita 24. Karatasi iko mita 10. Kila milimita moja ambayo kilengeo kinasogea inakuwa milimita 42 hivi kwenye karatasi. Duara la alama kumi kwenye karatasi ya mashindano lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa hiyo pengo likicheza theluthi ya milimita tu, mchezo ambao kwa macho utasema si kitu, tayari limekutoa nje ya duara hilo hata kama mkono wako ni wa jiwe.

Dawa ya mchezo ni kopo la soda. Bati lake lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, linakatika kwa mkasi na linakunjika bila kuvunjika. Kata ukanda mwembamba, ulainishe kingo kwa msasa, uuchomeke kati ya pengo na mahali linapokaa, ukaze skrubu, ujaribu tena. Ukanda mmoja usipotosha weka wa pili. Ukiuweka chini ya pengo utalipandisha kidogo, na kila bati moja ni kama milimita 4 za kupanda kwenye karatasi, kwa hiyo andika umeweka mangapi. Mtutu unaocheza kwenye kifundo chake ni jambo jingine. Wakati mwingine skrubu ya kifundo imelegea tu, lakini kama kufuli yenyewe imelika, mpelekee fundi anayeruhusiwa kugusa silaha. Hakuna kilengeo kitakachokuwa kweli juu ya mtutu usiotulia.

Baada ya mchezo kuisha ndipo unasogeza. Kanuni ni kwamba pengo la nyuma hulifuata lengo lako. Unataka risasi ziende kulia, sogeza pengo kulia. Unataka zipande, lipandishe. Nguzo ya mbele ni kinyume. Ukiipunguza risasi zinapanda, ukiiongeza zinashuka. Na usikate kwa kukisia. Pima risasi zimekosa kwa milimita ngapi, zidisha kwa umbali kati ya pengo na nguzo, gawanya kwa umbali wa karatasi, vyote kwa milimita. Zikiwa chini kwa milimita 30, basi 30 mara 240 gawanya kwa 10,000, unapata 0.72. Hiyo ndiyo ya kukata, na ukikata ishia nusu yake kwanza, ukapige, urudi kumalizia.

Nguzo niliyoikata kupita kiasi niliirudisha kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na leo naona hiyo ndiyo nguzo bora niliyowahi kuwa nayo, kwa hiyo nakushauri uifanye hata kama hujaharibu kitu. Nguzo nyingi za bastola nafuu ni nyembamba mno na zimeviringwa kichwani, na kichwa cha mviringo hakikuambii kimefika wapi. Kadi ina unene wa robo tatu ya milimita, ni ngumu, na inapokea tupa vizuri bila kutoa vinyweleo. Kata kipande chenye upana wa milimita 4 na urefu unaozidi nguzo ya zamani kwa milimita 2. Kwaruza kwa msasa uso wa nguzo ule unaokutazama unapolenga, ufute kwa spiriti, ubandike kipande kwa gundi ya epoksi kikiwa kimesimama wima. Usikisie wima. Weka bastola mezani, weka pembe ya daftari pembeni, chuchumaa utazame mpaka ukubali mwenyewe. Acha usiku mzima ikauke.

Asubuhi chukua tupa ndogo bapa, ile ya fundi saa. Ilaze juu ya kichwa cha kadi, ipeleke mbele tu bila kuirudisha, mara tatu nne, kisha tazama. Unatafuta ukingo ulionyooka ambao kona zake mbili zinaweza kukukwaruza ukucha. Kisha inamisha tupa kidogo, ukate kichwa cha nguzo kiteremke kuelekea mdomo wa mtutu, ili sehemu ya juu kabisa iwe ule ukingo ulio upande wako. Uso unaoteremka kwenda mbele huwezi kuuona, na usichokiona hakikumetei. Hilo la kuinamisha lilinichukua miaka kulijua na linachukua dakika mbili kulifanya.

Pengo nalo lipanue lilingane na nguzo mpya. Kwa nguzo ya milimita 4, pengo langu ni milimita 5 kasoro kidogo, na linanipa mstari wa mwanga kila upande wenye upana wa kama theluthi ya nguzo. Mwenye macho ya ujana atapenda mistari myembamba zaidi, na jua la saa tano likiwa kali myembamba inatosha. Kukiwa na wingu utaitaka iwe minene. Kata kidogo kila upande kwa zamu. Chini ya pengo pawe mraba, pasibaki pembe ya V wala mviringo, na kingo za upande wako ziwe kali kama za nguzo.

Kisha masizi. Siku hizi nyumba nyingi za mjini hazina kibatari, lakini mafundi bati bado wanavitengeneza kwa makopo, na kwa kazi hii sijaona rangi ya dukani inayokishinda. Rangi nyeusi, hata ile wanayoiita isiyong'aa, ina ngozi, na ngozi inarudisha mwanga ukiitazama kwa pembe. Masizi hayana ngozi. Ni chembe ndogondogo zilizorundikana ovyo, mwanga ukiingia katikati yake haupati njia ya kutoka. Kwa kilengeo cha chuma, kifute mafuta kwa spiriti, ukiache kikauke kabisa mbali na moto, vuta utambi juu kidogo kuliko kawaida mpaka moto utoe ulimi mweusi, upitishe nguzo juu ya ule moshi haraka, irudie, mpaka iwe nyeusi kama mahameli. Kwa kadi na plastiki moto utaharibu kazi yako, kwa hiyo kusanya masizi chini ya kijiko, zima kibatari, yachanganye na tone la spiriti, uyapake kwa brashi laini. Chupa ya gesi isiwepo chumba kile. Masizi yanafutika yakiguswa, na hilo halinisumbui. Kuyapaka upya kabla ya kila zoezi kumenifanya nivikague vilengeo kila mara.

Ukifika hapo, simama mita 10, lenga, bila kupiga. Wengi wananiambia kitu kimoja: nilikuwa nadhani macho yangu yamechoka.

Na macho yenyewe yanahitaji neno. Jicho haliwezi kuona vizuri pengo, nguzo na karatasi kwa wakati mmoja, na ukilazimisha utaumwa kichwa. Chagua nguzo. Karatasi iache iwe na ukungu kama taa ya mbali kwenye mvua, na pengo lififie kidogo. Kwa sababu duara jeusi limefifia, usilenge katikati yake, weusi wa nguzo utazama ndani ya weusi wa duara. Lenga chini yake, uache ukanda mweupe kati ya kichwa cha nguzo na duara, kisha rekebisha pengo risasi ziangukie katikati.

Waliovuka miaka 40 wataona nguzo inaanza kutetemeka kwa ukungu. Miwani ya kusomea gazeti haifai, inavuta macho karibu mno. Nguzo iko karibu mita moja kutoka jichoni. Mwambie mpima macho umbali huo, naye ataongeza namba ndogo juu ya ile ya kuonea mbali, nusu hadi robo tatu hivi. Wakati unasubiri pesa ya miwani, chukua karatasi nyeusi, itoboe tundu la milimita moja na nusu kwa sindano ya kushonea magunia, ubandike kwenye kioo cha miwani yako mahali jicho linapopita unapolenga. Mwanga utapungua, lakini nguzo na karatasi vyote vitakaza. Fanya hivyo kukiwa na jua.

Wenye bastola za gesi ya chupa waongeze jambo moja. Gesi ile inasukuma kwa nguvu zaidi kukiwa na joto na inalegea kukiwa na baridi, na kila risasi unayopiga inaipoza chupa. Bastola uliyoirekebisha saa nane mchana Kihonda haitapiga palepale ukipanda nayo Mgeta asubuhi ya Juni. Risasi zitashuka, na vilengeo havina kosa. Rekebisha saa uliyozoea kufanyia mazoezi, na kati ya risasi na risasi subiri nusu dakika. Hata kwa bastola ya springi, umbali ni kitu cha kushika. Kijirisasi kinachokwenda mita 120 kwa sekunde kinaanguka zaidi ya sentimita 3 kabla ya kufika mita 10. Uliyoirekebisha kwa mita 6 za ukumbini haitakuwa sawa uwani.

Ukishapata karatasi nne zinazokuridhisha, funga kazi. Tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu, nusu kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye chuma, nyekundu ili ipasuke wazi skrubu ikigeuka. Kwa sindano, kwaruza mstari mwembamba mahali pengo linapokutana na mwili wa bastola. Kisha chukua karatasi ya mwisho, andika nyuma yake tarehe, umbali, aina ya vijirisasi, idadi ya mabati ya kopo na upana wa nguzo, uiweke ndani ya sanduku moja na bastola, na sanduku liwe na kufuli.